Dirisha la Bayaja

Mgeni aliingia Kelanwadi kwa pikipiki, siku moja kabla ya siku aliyotarajiwa, akakikuta kijiji kizima kina matope mpaka viwikoni.

Hakuna aliyemjua. Alivua helmeti, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaangaza huku na huku. Mbwa wakambwekea. Indumati, aliyekuwa amepiga magoti uani akipachika kokoto kwenye ukuta wa ngome ya udongo, alidhani ni msoma mita za umeme.

"Kaka, mita ya kwetu ilikufa na mvua," akamwambia bila kuinua kichwa. "Jaribu kwa jirani, yake ina afya."

"Sisomi mita. Naitwa Dhamale. Mimi ndiye mwamuzi wa ngome."

Indumati akasimama upesi, akaficha mikono nyuma kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Diwali ikikaribia, katika nchi ile yote ya milima, kila nyumba hujenga ngome ndogo ya udongo uani, ikapandwa mbegu za haradali ziote ziwe msitu, ikawekwa askari wa kufinyangwa. Kwingine ni mchezo wa watoto. Kelanwadi haukuwa mchezo, wala haukuachiwa watoto. Kijiji kile kilikaa chini ya ngome yenyewe, Kelangad, iliyokalia kilele cha mlima kama kofia iliyopinda, na kila mwaka Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini ilishindana nani ataifinyanga vizuri zaidi. Mshindi ndiye aliyewasha mwenge wa kwanza kule kileleni. Mwamuzi wa miaka yote alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwenye busara ya tumbo: alikula Mtaa wa Juu, akala Mtaa wa Chini, kisha akatangaza sare. Mwaka huu alikwenda kwa bintiye mjini, na vijana wakaagiza mwamuzi wa kutoka mbali, asiye na shemeji kijijini.

Dhamale alizungushwa kwanza Mtaa wa Chini. Ngome yao aliijenga Sopan Gholap, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mjomba. Siku hiyo alikuwa amevaa kilemba kipya cha waridi, kwa kuwa alasiri wazazi wa kijana aliyemposa bintiye Sulochana walikuwa wanakuja kunywa chai na kutoa neno la mwisho.

"Na hili ni nini?" Dhamale aliuliza, akionyesha banda refu.

"Zizi la tembo," Mjomba Sopan akajibu.

"Kule juu? Njia yenyewe mbuzi anapita kwa kuomba dua. Tembo walipandaje?"

"Walipandishwa wangali wadogo, bwana. Wakakulia hukohuko."

Watu wa Mtaa wa Juu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Dhamale alipofika uani kwa Indumati, zamu ya kucheka ikageuka. Kwenye ukuta wa magharibi wa ngome yake, karibu na ukingo, palikuwa na kitundu cha kupitisha vidole viwili.

"Hiki nacho?"

Kabla Indumati hajajibu, mtu wa Mtaa wa Chini alisema, "Hilo ndilo dirisha la Bayaja," na umati wote ukaangua kicheko.

Bayaja alikuwa bibi yake Indumati. Alikuwa amekaa barazani palepale akimenya vitunguu saumu, macho yake yamefifia lakini masikio mazima. Alizaliwa juu ngomeni, enzi ambazo koo chache bado ziliishi kule na ng'ombe zao. Maisha yake yote alisimulia kwamba upande wa magharibi kulikuwa na dirisha la kutambaa, ambalo yeye na wasichana wenzake walipenya kwenda kukaa kwenye ubao wa mwamba, wakala sukari guru ya kuiba huku miguu inaning'inia hewani. Wenzake walishakufa wote. Waliopanda kulitafuta hawakuliona. Basi pole pole jina likageuka msemo. Mtu akidaiwa akawa hana, huambiwa pesa zake ziko kwenye dirisha la Bayaja. Kijana akijisifu kuwa ana kazi mjini, huulizwa kama ofisi yake inatazama dirisha la Bayaja. Hata watoto waliusema, bila kujua Bayaja ni nani.

Bibi hakuwahi kugombana na yeyote. Ila usiku wa kuamkia ujenzi alikuwa amemwambia mjukuu wake, "Litie, Indu. Mtu mmoja tu aseme lipo, nami nitakuwa nimesikia."

Dhamale alingoja kicheko kipungue. "Mimi nina kanuni moja," akasema. "Kilichoko kwenye udongo kiwe kiko mlimani. Nisichokiona juu, kinang'olewa. Nitapanda leo hii nikaangalie."

Tangu dunia iumbwe hakuna mwamuzi aliyewahi kupanda.

"Apande?" mtu mmoja akanong'ona. "Si atachoka?"

"Ale kwanza," mwingine akasema kwa sauti, na hapo mitaa yote miwili ikakubaliana, labda kwa mara ya kwanza. Dhamale akavutwa barazani, akawekewa sahani ya chakli za moto, vile vikaango vya unga vilivyosokotwa, na nyingine, na sambusa tamu za nazi, na kila alipotaka kuinuka mama mmoja alimwuliza kama amechukizwa na mkono wake.

Katika vurumai hiyo Indumati alimtafuta Mjomba Sopan kwa jicho. Hakumwona. Zizi la tembo lilikuwa palepale, mwenyewe katoweka.

Bibi akamvuta upindo wa sari. "Unangoja nini? Tangulia."

"Bibi, nimelitafuta mara ngapi mimi? Pale ni miiba mitupu."

"Birika kavu unalijua. Fuata mfereji wake mpaka kwenye jiwe lililokaa kama matako ya nyati. Hapo, penye mpungate; kwingine ngomeni hauoti."

"Na kama halipo?"

Bibi alimenya punje moja mpaka mwisho. "Nimekuuliza mimi kama lipo?"

Indumati alijitwika chungu cha mtindi kama siku zote, kwa maana riziki yake ilikuwa kuwauzia mtindi watalii waliofika juu wakihema. Lakini leo alichomeka pia mundu kiunoni. Na tuseme ukweli wote: njiani alikuwa ameshaamua kwamba kama dirisha halipo, litakuwepo. Ukuta wa magharibi ulikuwa wa mawe yaliyolegea. Kuchomoa manne matano si dhambi kubwa, aliwaza, na kama ni dhambi, Diwali huja na maji ya kuoga yanayoosha dhambi.

Alipanda kwa njia ya mkato ya wachungaji, akapita lango kuu lenye miiba ya chuma, akapita hekalu dogo la mungu wa kike wa mlima, akagusa kizingiti chake, akasema kimoyomoyo, "Mama, usiangalie huku kwa saa moja hivi." Akalifikia birika kavu, akaufuata mfereji. Na hapo akashangaa. Miiba aliyoizoea ilikuwa imefyekwa. Njia mpya, matawi bado yanatoa maji, ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe la nyati.

Nyuma ya jiwe palikuwa na ukuta. Chini ya ukuta palikuwa na rundo la mawe yaliyokusanywa. Na katikati ya ukuta, kimo cha goti, palikuwa na miguu miwili ya mtu, shuka jeupe la sherehe, na makalio mapana yasiyosogea mbele wala nyuma.

Indumati alitua chungu taratibu. Aliyatambua yale makalio. Kila mwaka huyaona mbele yake kwenye maandamano ya mungu.

"Mjomba Sopan," akaita.

Miguu ikatulia tuli, kama panya aliyesikia paka.

"Mjomba, nakuona."

"Sio mimi," sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, hafifu, imejaa upepo.

"Haya basi. Nimwambie Mjomba Sopan, nikimkuta, kwamba kuna mtu amekwama ngomeni na shuka lake?"

"Indu, mwanangu. Nivute."

Indumati akaketi juu ya rundo la mawe. Hakuwa na haraka. "Haya mawe ni ya nini?"

"Yalikuwepo."

"Yana udongo mbichi. Na mmea huu umefyekwa leo."

Akajibiwa kwa kuguna. Ukweli ukatoka vipande vipande, kama mtu anayetema kokwa. Mjomba alikuja kuhakikisha dirisha halipo, ili apande na mwamuzi kwa raha. Akafyeka, akalikuta. Akashtuka mpaka akaketi chini. Ndipo akaanza kuliziba kwa mawe, na katikati ya kazi akajiwa na wazo la kutambaa aone kama, kwa mtu anayetazama kutoka nje, itaonekana ni kiziba au ni ukuta. Kichwa kilipita. Mabega yalipita. Tumbo, lililokula chakli tangu alfajiri, likakataa.

"Sema kwanza," Indumati akasema. "Lipo au halipo?"

"Nini?"

"Unajua nini."

"Lipo."

"Sema kama unavyouza ng'ombe."

Mjomba Sopan alivuta pumzi, kiasi alichobakiwa nacho, akapaza sauti bondeni: "Dirisha la Bayaja lipo, na mimi nimo ndani yake." Mlima wa pili ukairudisha, maneno yote, bila kupunguza.

Indumati alicheka mpaka akalazimika kushika jiwe la nyati. Kisha akaufikiria uso wa bibi yake atakapoambiwa. Akakamata vile vifundo vya miguu, akavuta. Hakuna kitu. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena. Mjomba akalia kama ndama.

"Ngoja. Kuna mtindi."

"Mtindi wa nini sasa? Sina kiu."

"Una siagi juu. Utateleza."

Akainua chungu kizima, mtindi wake wote wa siku ya wateja wengi kuliko zote, akaumimina kiunoni kwa Mjomba, mbele, nyuma, kandokando ya mawe, akiusukumia ndani kwa kiganja.

"Indu." Sauti ikabadilika. "Humu umetia pilipili?"

"Kidogo tu. Wateja wanapenda."

"Inaingia mahali."

"Vumilia, Mjomba. Nikikuvuta utasahau."

Lakini kabla hajamvuta, Mjomba alisema, "Subiri. Kwanza uniahidi." Na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Usimwambie mtu. Wala usimlete mtu hapa."

Indumati akaachia miguu. "Mjomba, umepotewa na akili? Mwamuzi anakuja. Bibi yangu amengoja maisha yake yote."

"Kilemba changu kimeanguka. Nakiona hapa chini, kimenasa kwenye mpungate, sikifikii wala mtu hakifikii. Atakayechungulia dirisha hili atakiona. Kijiji kizima wananijua kwa kilemba kile. Wataniuliza nilikuwa nafanya nini huku, na mawe haya yatajibu." Akajaribu kujisogeza. "Na mama wa yule kijana ndiye anakuja leo. Unamjua alivyo. Posa ya kwanza aliivunja kwa sababu baba wa msichana alicheka akaonyesha meno ya nyuma. Akisikia nimekwama kwenye ukuta nikiiba mashindano, Sulochana wangu atarudishwa. Mimi nichekwe, sawa, nimejitakia. Yeye kafanya nini?"

Indumati alitazama mikono yake iliyolowa mtindi. Sulochana ndiye aliyemfundisha kuogelea, ndiye aliyelala naye kitanda kimoja mama yake Indumati alipofariki. Tangu posa ilipoletwa, Sulochana alitembea kana kwamba ardhi imepakwa samli.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka aolewe. Baada ya hapo nitapanda jukwaani mwenyewe niseme."

"Mwamuzi yuko leo tu."

"Najua."

Sauti za watu zilianza kusikika mbali, kwenye lango kuu. Dhamale alikuwa amewashinda wapishi. Indumati alifikiri kwamba angeweza kuondoka hapo hapo, akaacha tu mambo yajionyeshe yenyewe. Asingekuwa amesema neno. Makalio yale yangesema yote.

"Haya," akasema. "Nimeahidi."

Akavuta kwa nguvu zote. Mjomba alitoka na sauti kama kizibo cha chupa, wakaanguka wote wawili juu ya rundo la mawe, yeye kichwa wazi, shuka limechanika, pua imechubuka, ananuka bizari na maziwa. Wakatupia matawi ya mpungate mbele ya ukuta na juu ya njia mpya, wakafuata mfereji kurudi, yeye akitembea miguu mbali mbali kwa ajili ya pilipili.

Walipofika kwenye birika kavu Mjomba alijitosa ndani yake asionekane, na Indumati akakutana na Dhamale. Nyuma yake walikuja watu wa mitaa yote miwili. Kwenye zizi la tembo walikuwa wamekwisha kufika, wakakuta ghala dogo la nafaka ambalo hata ndama angeingia kwa kujipinda. Dhamale alikuwa ameliandikia zizi hilo alama ya kung'olewa. Basi kila mtaa ulikuwa na jambo moja la kubishaniwa, na la Mtaa wa Juu lilikuwa bado.

"Dirisha liko wapi?" akauliza.

Macho yote yakamgeukia Indumati. Kutoka pale aliposimama aliliona jiwe la nyati, mgongo wake unang'aa juani, karibu kiasi cha kurushiwa kokoto. Birikani nyuma yake Mjomba Sopan alikuwa ameacha kupumua.

"Sina cha kukuonyesha, bwana," akasema.

"Hukulitafuta?"

"Sina cha kukuonyesha."

Dhamale alimtazama kwa muda. Alikuwa mtu wa haki, na ilionekana alitamani aambiwe zaidi. Watu wa Mtaa wa Chini wakaanza kugongana viwiko, wale wa Mtaa wa Juu wakashuka mlima bila kumsemesha.

Kule kijijini wakwe walikuwa wamekwisha kufika. Mama wa kijana, mwembamba, mkali kama sindano, alikuwa ameketishwa kwenye kiti bora na kikombe mkononi, akikagua kila kitu kuanzia dari. Mjomba Sopan alioga haraka kwa nyuma ya nyumba, akaazima kilemba cha kaka yake, akatokea akiwa ameshika nafasi yake ya baba. Kisha wote, wakwe kwa wenyeji, wakakusanyika uani kwa Indumati kusikia hukumu.

"Ngome hii ni nzuri kuliko ile," Dhamale alisema. "Lango, mabirika, hekalu, kila kitu kiko mahali pake. Ila kanuni ni kanuni. Tembo wameng'olewa kule. Hapa dirisha lizibwe, na kwa kuwa Mtaa wa Juu ulilishikilia mpaka mwisho bila ushahidi, mwenge wa kwanza ni wa Mtaa wa Chini."

"Ushahidi uko kwenye dirisha la Bayaja," mtu mmoja akasema, na kicheko kikaenea hadi kwa wakwe, ambao hawakujua wanacheka nini.

Bibi alikuwa barazani. Alikuwa ameacha kumenya. "Indu, ulifika kwenye mfereji?"

"Nilifika, Bibi."

"Na jiwe?"

"Na jiwe."

Bibi alingoja. Kisha pua ya Bibi ikainuka kidogo, ikageukia upande waliposimama wakwe. "Sopan," akasema, "mbona unanuka mtindi wangu?"

Mama wa kijana akashusha kikombe. Mjomba Sopan akawa mwekundu kuliko kilemba alichokipoteza. Alimtazama bibi kizee yule asiyeona vizuri, akamtazama Indumati mwenye matope, na akafungua mdomo kama mtu anayetaka kutapika ukweli mbele ya watu wote.

"Bibi Bayaja," akaanza, "ukweli ni kwamba mimi leo asubuhi..."

"Nilimmwagia mimi," Indumati akamkata. "Tulikutana njiani, nikajikwaa, chungu kizima kikaishia kwake. Samahani, Mjomba. Chai yako inapoa."

"Msichana gani huyo, hawezi kubeba chungu," mama wa kijana akamnong'oneza mumewe, kwa mnong'ono wa kusikiwa na wote. "Namshukuru Mungu si yeye tuliyemposa." Lakini alipomgeukia Sulochana, aliyekuja na sahani ya vitafunio bila kumwaga hata chembe, uso wake ulilainika, akampokea.

Indumati akapiga magoti mbele ya ngome yake. Akachota udongo mbichi kwenye karai, akaufinyanga kuwa tonge dogo. Kilikuwa kitundu kizuri. Alikuwa amekizungushia hata kizingiti kwa kucha. Akasikia fimbo ya Bibi ikigonga polepole kutoka barazani, hadi ikasimama pembeni yake.

"Unakiziba?" Bibi akauliza.

"Nakiziba, Bibi."

Bibi akachuchumaa kwa shida, akanyoosha mkono, akaupapasa mkono wa mjukuu wake kuanzia kifundo hadi kwenye vidole, mahali mtindi ulipokuwa umekaukia na vipande vya jani la mpungate vimeshikamana nao. Akavinusa vidole vile, akautambua mpungate wa dirishani. Kisha akauachia mkono.

Indumati akaliweka lile tonge kwenye tundu, akalisukuma kwa kidole gumba, akalilainisha mpaka ukuta ukawa sawa.